Kichina Chuo Kikuu: Kila Mwanafunzi Aanzie Ngazi Yake



Mtu asimamaye hapa Mpemba, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Isongole wilayani Ileje, huona kwa macho yake mambo ambayo wengine huyasoma vitabuni. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa na kuendelea hadi mpakani Tunduma. Na siku foleni ya mpakani inaporefuka, malori hupangana mpaka huku. Reli ya TAZARA nayo huupita ukanda huu huu ikielekea Zambia. Ndani ya malori hayo mna mashine, vipuri, nguo na vyombo vilivyotengenezwa China. Juu ya masanduku mna maandishi ambayo dereva hayasomi, utingo hayasomi, na aghalabu hata mwenye mzigo hayasomi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba vijana wa mkoa wa Songwe, kama wenzao wa mikoa mingine, wameanza kuuliza habari za kusoma Kichina chuo kikuu. Swali hilo huwafikia kwanza walimu wa sekondari na maofisa wa elimu. Jibu linalotolewa mara nyingi ni fupi: pata alama nzuri, kisha omba nafasi. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Linaeleza namna ya kuingia mlangoni, wala halielezi mwanafunzi atakalishwa wapi akishaingia. Na katika somo la lugha, mahali pa kukaa ndipo penye uzito, kwani ndipo wengine hufaulu na wengine hupotea.

Yafaa kuanza na historia, maana jambo hili si geni katika nchi hii. Makubaliano ya kujenga Reli ya Uhuru yalitiwa saini tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, reli ikafika mpaka wa Tunduma mwaka 1973, na kazi yote, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Katika miaka hiyo maelfu ya mafundi wa Kichina walifanya kazi bega kwa bega na wafanyakazi wa Tanzania na Zambia. Wakalimani walikuwa wachache. Mengi yalifundishwa kwa vitendo na kwa ishara za mikono: fundi alifanya, kijana akatazama, kisha kijana akafanya na fundi akatazama.

Lakini ilifahamika mapema kwamba reli haiwezi kuendeshwa kwa ishara za mikono. Mwaka 1972, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, ambacho leo huitwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing, ili wakasomee kazi za reli. Kabla ya kusoma habari za injini, njia na ishara za treni, iliwapasa kwanza wajifunze lugha ya kusomea.

Wachina nao walikuwa wamekwisha kufanya kazi kama hiyo kwa upande wao. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, miezi michache kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa Dar es Salaam. Wenye kuona mbali hawangoji mgeni abishe hodi ndipo waanze kutafuta namna ya kumkaribisha.

Vijana wale wa mwaka 1972 walikuwa na nafuu moja ambayo wanafunzi wa leo hawanayo. Wote walianza katika hali inayokaribiana, yaani bila Kichina. Haikuwapo haja kubwa ya kuuliza nani akae darasa gani. Leo hali imebadilika. Tangu mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina Taasisi za Confucius zinazofundisha lugha hiyo. Kichina kinafundishwa katika baadhi ya shule za sekondari, na serikali ilipotangaza tahasusi mpya za kidato cha tano mwaka 2024, Kichina kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotajwa. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wapya wanaoingia chuo kikuu hawalingani tena. Mmoja amekisoma miaka minne. Mwingine amekisikia kazini. Wa tatu hajapata kusikia hata salamu. Kuwaweka hao wote chumba kimoja, au kuwatenganisha kwa kutazama vyeti tu, ni kuwadhulumu.

Ni vema kutofautisha mambo mawili. Jambo la kwanza ni sifa za kuingia. Kwa mwombaji wa shahada aliyetoka kidato cha sita, kima cha chini kinachotumika nchini ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, kisha kila chuo huongeza masharti yake kwa kila kozi. Jambo la pili ni ngazi ya kuanzia. Sifa za kuingia hupima kama mwanafunzi anastahili kusoma chuo kikuu. Ngazi ya kuanzia hupima Kichina chake. Mtu aweza kuwa na alama za juu kabisa za Historia na Kiingereza, lakini katika Kichina akawa mwanzo kabisa. Hakuna aibu katika hilo, wala hakuna ukinzani.

Chombo kinachotumiwa na wengi kupimia Kichina ni mtihani wa HSK. Katika mpangilio ulioanza kutumika mwaka 2010, mtihani huo una ngazi 6. Ngazi ya 1 hudai maneno 150. Ya 2, maneno 300. Ya 3, maneno 600. Ya 4, maneno 1,200. Ya 5, maneno 2,500. Na ya 6, maneno 5,000. Mwaka 2021 China ilitoa viwango vipya vya ngazi 9, ambavyo hudai maneno mengi zaidi tangu ngazi ya kwanza. Kwa hiyo mtu akiulizwa cheti cha ngazi ya 3, ni haki yake kuuliza: ya mpangilio upi?

Hesabu hiyo ya maneno ina somo kubwa ndani yake. Ngazi ya nyumbani ina vidato vya urefu mmoja. Aliyeruka kidato kimoja amenyoosha mguu kidogo tu. Ngazi ya Kichina sivyo ilivyo. Kila kidato kinakaribia kulingana na urefu wa vidato vyote vilivyotangulia. Mwenye maneno 600 akiwekwa darasa la wenye maneno 1,200, anadaiwa ajifunze kwa siri, usiku, maneno mengi sawa na yote aliyojifunza tangu alipoanza, na mchana asome pamoja na wenzake mambo mapya. Wachache huweza. Wengi hunyamaza, kisha huacha.

Tena cheti chenyewe hakisemi yote. Katika mpangilio huo wa ngazi 6, mtihani wa ngazi ya 1 na ya 2 hupima kusikiliza na kusoma tu, na maandishi yake huambatana na pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi kwa utaratibu uliopitishwa China mwaka 1958. Alama zote ni 200, na mwenye 120 amefaulu. Kuandika huanza ngazi ya 3, ambapo pinyin huondolewa na alama huwa 300, ufaulu ukiwa 180. Kuzungumza hupimwa kwa mtihani mwingine kabisa. Maana yake ni kwamba kijana aweza kuwa na cheti halali cha ngazi ya 2, chenye alama nzuri, naye hajapata kuandika herufi moja ya Kichina mbele ya msimamizi, wala kusema sentensi moja mbele ya mtahini. Hakudanganya. Hakuulizwa.

Wachukuliwe kwa mfano vijana watatu wa kufikirika kutoka pande hizi. Wa kwanza amesoma Kichina sekondari, ana cheti cha ngazi ya 2. Wa pili hakusoma Kichina darasani, lakini baada ya kidato cha sita alifanya kibarua katika kambi ya ujenzi wa barabara. Anasalimu, anahesabu, anapokea maagizo, anataniana na mafundi, wala hajui kusoma hata jina la kampuni lililoandikwa mlangoni. Wa tatu ni binti wa Ileje anayeanza sifuri, mwenye alama nzuri za masomo mengine. Wote wanapata nafasi. Fomu ya kujiandikisha inauliza swali moja: umewahi kusoma Kichina? Wa kwanza anajibu ndiyo, wa pili na wa tatu wanajibu hapana.

Kwa jibu hilo moja, wa kwanza anapelekwa darasa la mbele, ambako vitabu havina pinyin, naye anajikuta anatazama ukurasa kama atazamavyo ukuta. Wa pili anapelekwa darasa la mwanzo. Majuma manne anafundishwa salamu anazozijua kuliko kitabu. Anachoka, anaanza kukosa vipindi, na juma herufi zinapoanza kufundishwa yeye hayupo. Binti wa Ileje ameketi karibu naye. Kila swali la mwalimu hujibiwa na jirani kabla yeye hajafungua kinywa, naye anaamini kwamba hana kipaji. Mwisho wa muhula watatu hao wote wana alama mbaya, na ripoti itasema Kichina ni lugha ngumu. Ugumu, hata hivyo, ulianza kwenye fomu, kabla ya Kichina chenyewe.

Kwa hakika lugha hiyo ina ugumu wake, na yafaa usemwe bila kutisha watu. Kuna toni. Silabi moja "ma" hubadilika maana kwa sauti: "mā" ni mama, "má" ni katani, "mǎ" ni farasi, na "mà" ni kukaripia. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa njia hiyo. Lakini lugha nyingine nyingi za Kibantu zina toni, na Kinyamwanga kinachozungumzwa hapa mpakani ni mojawapo. Wataalamu wa isimu wamekwisha kuieleza mifumo yake. Toni za Kichina si sawa na hizo, maana huko sauti hupanda au hushuka ndani ya silabi moja. Hata hivyo mtoto aliyelelewa katika lugha ya toni ana sikio lililokwisha kuzoea kwamba sauti hubeba maana. Lugha ya bibi yake inaweza kuwa msaada darasani, na hakuna fomu inayoliuliza jambo hilo.

Kuna pia maneno ya kuhesabia. Mchina hasemi "tatu kitabu" moja kwa moja. Husema "sān běn shū" kwa vitabu vitatu, lakini "sān zhāng zhǐ" kwa karatasi tatu, kwa sababu vitabu vina neno lake la kuhesabiwa na vitu bapa vina neno lao. Msemaji wa Kiswahili, ambaye tangu utotoni amesema vitabu vitatu, karatasi tatu na miti mitatu, hatashangaa kuona vitu vikipangwa kwa makundi. Mwalimu atakayeanzia kwenye ngeli ataeleweka upesi.

Mzigo mkubwa ni maandishi. Orodha rasmi iliyotolewa China mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo za matumizi ya kawaida. Hapo hakuna njia ya mkato. Herufi hujengwa moja moja, siku kwa siku. Na kwa kuwa toni, msamiati, mazungumzo na maandishi ni stadi mbalimbali, mwanafunzi mpya aweza kuwa mbele katika moja na nyuma katika nyingine. Ndiyo sababu swali moja la ndiyo au hapana halitoshi kumpangia darasa.

Linalotakiwa si jambo la gharama kubwa. Katika juma la kwanza, kabla ya ratiba kufungwa, kila mwanafunzi mpya wa Kichina apimwe katika mambo manne: asikilize, aseme, asome na aandike. Maneno machache ya kila upande yatatosha. Asiyejua chochote aseme hivyo na aruhusiwe kwenda zake bila kusailiwa. Mwenye cheti kitazamwe, lakini kisichukue nafasi ya jaribio. Kisha majibu yatumike kuwaweka wanafunzi katika makundi ya kweli: wanaoanza, wanaosema lakini hawasomi, wanaosoma pinyin lakini hawajui herufi, na wanaoweza kuendelea mbele. Pasipo na walimu wa kutosha kwa makundi manne, yawe mawili, pamoja na saa chache za nyongeza za herufi kwa wale wanaozihitaji. Na kwa majuma matatu ya kwanza mlango uwe wazi: aliyewekwa juu mno ashuke, aliyewekwa chini mno apande, bila barua ya maelezo na bila kupoteza alama.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huo unawatenga wanafunzi, kwamba wa mjini waliosoma shule zenye Kichina watakaa juu na wa vijijini watakaa chini. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, maana ni kweli kwamba shule zinazofundisha Kichina hazijaenea kila mahali. Lakini kumketisha mtoto wa Mpemba darasa asiloliweza, kwa jina la usawa, si usawa. Usawa ni kwamba aliyeanza sifuri afundishwe kikamilifu kuanzia sifuri, na njia ya kufikia shahada ile ile iwe wazi mbele yake. Kinachopaswa kukataliwa ni darasa la mwanzo lisilokuwa na njia ya kutokea. Mwanafunzi akipangiwa chini, aelezwe kwa maandishi: utaanzia hapa, ukifaulu hiki utapanda pale, na katika mwaka fulani utakuwa pamoja na wenzako.

Wengine watasema kwamba kuanzia chini kunapoteza muda. Hao na watazame vyuo vya China vyenyewe. Vingi vinavyofundisha shahada kwa Kichina humtaka mgeni afikie HSK ngazi ya 4, na kwa baadhi ya masomo ngazi ya 5. Asiyefikia hupewa mwaka wa maandalizi ya lugha kabla ya kuanza shahada. Alama za HSK nazo, kwa ajili ya kuombea chuo huko, huhesabiwa kwa miaka 2 tu. Anayeharakisha kupata cheti kidato cha tano aweza kukuta kimechakaa siku anapokihitaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aliyeinama kwa wakati wake hufikia haraka kuliko anayepapasa akiwa wima.

Ndugu walimu na watumishi, wajibu haukai chuoni peke yake. Mwalimu wa sekondari asimwambie mwanafunzi kwamba cheti ni kila kitu. Amwambie cheti chake kimepima nini na hakikupima nini. Ofisa wa elimu anayeshughulikia maombi ya nafasi za masomo nje asome masharti ya kila chuo kwa jicho lake, ngazi na mpangilio wa HSK unaotajwa, na tarehe ya cheti, kabla mzazi hajauza mahindi yake kulipia safari. Mwanafunzi naye aseme kweli juu ya ujuzi wake. Anayejikweza siku ya kupangiwa darasa hamdanganyi mhadhiri; anajiandalia muhula wa kukaa kimya.

Haya yote yana haraka yake. Tarehe 4 Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya maelewano juu ya kuihuisha TAZARA. Kazi ya namna hiyo huja na mikataba, michoro, vitabu vya mashine na taratibu za usalama. Nyaraka nyingi zitatafsiriwa, lakini nchi inayotegemea tafsiri ya upande mmoja haina namna ya kuihakiki. Siku itafika ambapo neno moja ndani ya kifungu litakuwa na thamani ya fedha nyingi au ya maisha ya mtu relini, na mezani atahitajika Mtanzania anayelisoma mwenyewe.

Mtu huyo huenda sasa yuko kidato cha nne, hapa hapa Mpemba au ng'ambo ya mlima kule Ileje, anapita kando ya malori na kutazama maandishi asiyoyaelewa. Akifika chuo kikuu, apimwe kwa haki, aketishwe mahali pake, na afundishwe kutoka hapo. Vijana wa mwaka 1972 walianza wote mwanzo, na treni zilizoendeshwa baada ya hapo ni ushahidi kwamba kuanza mwanzo hakuzuii kufika.